Programu Inayosoma Chati ya Dawa: Miezi Minane ya Kutabiri Presha Wodini

Kwa miezi minane sasa, wodi ninayoisimamia imekuwa ikitumia programu ya kompyuta yenye kazi moja tu: kusoma rekodi za dawa za kila mgonjwa aliyelazwa, kisha kutuambia saa chache kabla ni nani ambaye shinikizo lake la damu linaelekea kushuka au kupanda kupita kiasi. Haina waya unaomgusa mgonjwa, haina mkanda wa kufunga mkononi, wala haisikilizi mapigo ya moyo. Inakaa ndani ya kompyuta ya meza ya wauguzi na kusoma yale tuliyoyaandika sisi wenyewe. Jina lake sitalitaja, kwa sababu nina malalamiko kadhaa juu yake, na pia kwa sababu programu za aina hii hujengwa kwa misingi inayofanana, hivyo anayefikiria kununua yoyote kati yake huenda akakumbana na mambo haya haya.

Nianze na namna inavyofanya kazi, kwa kuwa uzuri na ubaya wake vyote vinatoka hapo. Kila dawa inayoingizwa kwenye mfumo wa hospitali hupewa msimbo wa ATC, yaani ule uainishaji wa Shirika la Afya Duniani ambamo herufi C ni ya dawa za moyo na mishipa ya damu. C03 ni dawa za kuongeza mkojo, C07 ni vizuia-beta, C08 ni jamii ya amlodipini na nifedipini, na C09 ni jamii ya enalaprili na losartani, zote zikiwa za kushusha presha. Programu inachukua msimbo huo, inaongeza kiasi cha dozi, njia iliyotumika na saa iliyoandikwa, kisha inakadiria ni kiasi gani cha nguvu ya kila dawa bado kimo mwilini kwa wakati huo. Makadirio hayo yana maana kubwa, maana dawa hazifanani kabisa katika mwendo wake. Amlodipini huchukua kati ya saa 30 na 50 hadi nusu yake itoke mwilini, kwa hiyo kidonge cha jana asubuhi bado kinafanya kazi leo usiku, ilhali noradrenalini, dawa ya kuinua presha inayopitishwa kwenye mshipa, huisha nguvu dakika chache tu baada ya kusimamishwa. Furosemaidi, ambayo ni dawa ya kuongeza mkojo, ikiwa ya sindano ya mshipani huanza kazi ndani ya dakika 5 na kudumu kwa takriban saa 2. Ile ya kidonge huanza ndani ya saa moja na kudumu kwa takriban saa 6.

Muuguzi mzoefu anayajua haya yote. Anayajua, hata hivyo, kwa mgonjwa aliye mbele yake, na ni vigumu sana kuyakumbuka kwa wagonjwa ishirini na wanane kwa pamoja, saa nane za usiku, huku simu inalia na dripu ya kitanda cha mwisho imeziba. Hapo ndipo programu inapostahili sifa. Zaidi ya hapo, inaziona dawa ambazo sisi hatuziiti dawa za presha na kwa hiyo huzisahau: morfini ya maumivu, dawa za kupunguza usumbufu wa tezi dume, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, sildenafili, dawa ya nguvu za kiume, ambayo mgonjwa alikuja nayo kutoka nyumbani na hakuitaja hadi alipoulizwa mara ya pili. Upande wa kupandisha, inaziona diklofenaki, ibuprofeni na steroidi, ambazo zote zinaweza kuinua presha ya mtu aliyekuwa ametulia kwa dawa zake za kawaida.

Nitaeleza tukio moja kwa kirefu, kwa kuwa ndilo lililonifanya niache kuiona programu hii kama pambo la skrini. Alikuwa mzee aliyelazwa kwa moyo kushindwa kusukuma damu vizuri, miguu imevimba, anapumua kwa shida akilala chali. Alikuwa akipata furosemaidi ya mshipani mara mbili kwa siku na alikuwa amekwisha kukojoa maji mengi, jambo ambalo sote tulilifurahia. Jioni ile daktari alimrudishia enalaprili aliyokuwa akiitumia nyumbani, na daktari mwingine, aliyeitwa kwa ajili ya shida yake ya mkojo, akamwandikia doxazosini, moja ya zile dawa za tezi dume, ya kuanza usiku huo huo. Kila agizo, likitazamwa peke yake, lilikuwa sahihi. Saa tatu usiku presha yake ilikuwa 118/70, na muuguzi wa zamu aliandika namba hizo akaendelea na wengine, kama ambavyo na mimi ningefanya.

Saa nne kasorobo mstari wa kitanda chake kwenye skrini ukageuka rangi ya chungwa. Chini yake programu iliandika sababu tatu: doxazosini, dozi ya kwanza; enalaprili, kilele kati ya saa 4 na 6 baada ya kumezwa; furosemaidi, maji yaliyotoka kwa siku mbili. Muuguzi akaenda, akampima akiwa amelala, akapata 112/66, presha ambayo haimtishi mtu yeyote. Kisha, kwa kuwa sababu ya kwanza ilikuwa ni dozi ya kwanza ya dawa inayojulikana kumwangusha mtu anaposimama, akamsimamisha taratibu kando ya kitanda na kumpima tena baada ya dakika tatu. Ikawa 86/54, na mzee akashika chuma cha kitanda akisema macho yanaingia giza. Kwa kawaida, shinikizo la juu likishuka kwa 20 au zaidi, au lile la chini likishuka kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika tatu za kusimama, hiyo huhesabiwa kuwa presha ya kushuka kwa kusimama. Yeye lile la juu lilikuwa limeshuka kwa 26.

“Mzee, usiku huu usiamke peke yako kwenda chooni, utaniita,” muuguzi alimwambia. “Sista, mimi huamka mara tatu,” akajibu. Hiyo mara tatu ndiyo jambo ambalo programu haikuijua, na ndiyo iliyokuwa hatari yenyewe: mtu wa umri ule, aliyejazwa dawa ya mkojo, anayesimama gizani mara tatu. Tulimwekea chupa ya mkojo kando ya kitanda, daktari wa zamu akaahirisha furosemaidi ya alfajiri hadi atakapopimwa, na asubuhi doxazosini ikajadiliwa upya na wale waliomwandikia. Siwezi kuapa kwamba angeanguka. Ninachoweza kusema ni kwamba chati yetu ya kila baada ya saa sita isingemwona hadi saa tisa usiku, na ingempima akiwa amelala.

Jambo ninalolisifu zaidi katika tukio hilo ni zile sababu tatu zilizoandikwa chini ya rangi. Programu inayosema tu kwamba hatari ni asilimia 78 inamwachia muuguzi afanye nini? Atapima presha, ataikuta nzuri, ataondoka. Iliyosema doxazosini ya kwanza ilimwelekeza hadi kwenye namna ya kupima. Ikiwa unaonyeshwa programu ya aina hii na muuzaji hawezi kukufungulia ukurasa wa sababu, usipoteze muda wako kusikiliza mengine.

Sasa upande wa pili, na hapa nitakuwa mkali. Hospitali ilipoinunua iliamua kuiweka mahali pawili: kwetu, na katika chumba cha wagonjwa mahututi. Kijitabu cha muuzaji kilijivunia usahihi mkubwa zaidi huko kwa mahututi, na kwa mtazamo wa haraka hilo lilionekana sawa, kwa kuwa huko ndiko presha huanguka mara nyingi na ndiko rekodi za dawa zilivyo nene. Wenzetu wa huko waliitumia kwa wiki sita, wakaizima. Nilikwenda kukaa nao zamu mbili ili nielewe kwa nini, na jibu lilikuwa rahisi hadi la kuchekesha. Mgonjwa aliyewekewa noradrenalini alikuwa akiwaka nyekundu, hatari juu kabisa. Naam, lakini mgonjwa huwekewa noradrenalini kwa sababu presha yake imekwisha kuanguka! Dawa ile haikuwa dalili ya yatakayokuja. Ilikuwa ni alama ya uamuzi ambao daktari alikwisha kuufanya nusu saa kabla, akiwa amesimama pale pale kando ya kitanda.

Hili ndilo tatizo kuu la kutabiri presha kwa kutumia rekodi za dawa, na sijaona kijitabu chochote cha mauzo kinacholitaja. Rekodi ya dawa ni shajara ya mawazo ya madaktari. Ndani yake yamo yale waliyoyaona, waliyoyashuku na waliyoyaogopa. Programu inapojifunza kutoka kwenye shajara hiyo hujifunza mambo mawili yaliyochanganyika: kile dawa inachoufanyia mwili, na kile daktari alichokijua kabla ya kuiandika. La kwanza lina faida kwetu. La pili linaifanya programu ionekane hodari kwenye karatasi, huku kitandani ikituambia tunayoyajua. Nilipomwuliza mwakilishi wa kampuni kama usahihi ule mkubwa ulihesabiwa baada ya kuwaondoa wagonjwa ambao tayari walikuwa kwenye dawa za kuinua presha, alisema atauliza. Miezi mitano imepita tangu aseme hivyo.

Wenzetu wa mahututi walinionyesha kituko kingine. Kwao ni desturi kuandika agizo la noradrenalini mapema kwa mgonjwa anayetoka chumba cha upasuaji, iwe tayari ikihitajika, na mara nyingi haihitajiki. Programu ilihesabu agizo kama dawa iliyotolewa. Mgonjwa amekaa kitandani anakunywa maji, presha yake 126/74, na skrini inamlilia.

Kosa hilo la kutotofautisha kilichoagizwa na kilichotolewa lilirekebishwa baadaye, lakini ndugu yake bado yupo, nalo ni la saa. Dawa moja ina saa tatu: saa ambayo daktari aliipanga, saa ambayo mgonjwa aliimeza, na saa ambayo muuguzi aliandika kwamba ameimeza. Katika wodi iliyotulia saa hizo zinakaribiana. Katika wodi yangu, zamu ya jioni, toroli ya dawa huanza kitanda cha kwanza saa mbili na nusu na kufika kitanda cha mwisho karibu saa nne, na muuguzi aliyebanwa hutia sahihi zote kwa pamoja akirudi mezani. Kwa programu, wagonjwa wote ishirini na wanane wamemeza dawa zao katika dakika tano zile zile. Hesabu yote ya kilele cha enalaprili, ambayo ndiyo kiini cha utabiri, inasogea kwa saa moja na nusu kwa wagonjwa wa mwanzo. Kuna pia mgonjwa aliyetapika vidonge dakika kumi baada ya kuvimeza: tuliliandika hilo kwenye maelezo ya uuguzi, mahali ambapo programu haisomi, hivyo ikaendelea kumhofia kwa dawa zilizokuwa zimekwisha kuishia ndani ya beseni.

Mwezi wa tatu tulianza kutumia kifaa cha kusoma msimbo wa mistari uliochapishwa kwenye kamba ya mkononi ya mgonjwa na kwenye pakiti ya dawa, kila dawa inaposomwa saa yake ikiingia yenyewe. Tofauti ilionekana ndani ya siku chache, na ninaamini kabisa kwamba sehemu kubwa ya maendeleo tuliyoyaona tangu hapo imetokana na kifaa hicho kuliko na lolote ambalo kampuni ililiboresha. Hospitali isiyo na njia ya kuandika saa halisi ya kutoa dawa inunue kwanza hiyo.

Kuhusu kelele. Programu ilikuja ikiwa imewekwa kiwango cha tahadhari ambacho kampuni ilikiita kiwango cha usalama, na wiki ya kwanza ililia kiasi kwamba wauguzi walianza kuiziba sauti kwa kipande cha plasta. Sikuwalaumu. Nilikaa na mfamasia wetu tukapiga hesabu kwenye karatasi, na ninaiweka hapa kwa kuwa kila anayeletewa kifaa cha kutabiri anapaswa kuifanya kabla ya kutia sahihi. Chukua kifaa kizuri, ambacho kati ya wagonjwa 100 watakaoanguka presha kinawakamata 88, na kati ya 100 wasioanguka kinawaacha kwa amani 87. Sasa tuseme kwamba kati ya wagonjwa 1,000, watakaoanguka presha kweli ni 50. Kifaa kitawakamata 44 kati yao. Lakini wamebaki 950, na kati ya hao kitawalilia kimakosa 124 hivi. Jumla ya tahadhari ni 168, za kweli ni 44, yaani takriban moja kati ya nne. Na hicho ni kifaa kizuri! Tatizo likiwa adimu zaidi, uwiano huo unazidi kuwa mbaya bila kifaa chenyewe kubadilika hata kidogo.

Namba hizo 88 na 87 sikuzitoa hewani. Ndizo zilizotangazwa mwaka 2018 katika jarida la Anesthesiology kwa kifaa cha Hypotension Prediction Index cha Edwards Lifesciences, kwa utabiri wa dakika 15 kabla ya presha kuanguka, na mwaka huo huo mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani ikakiruhusu kuingia sokoni. Kifaa kile ni cha aina nyingine: kinasoma umbo la wimbi la shinikizo kutoka kwenye mrija uliowekwa ndani ya ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, mpigo kwa mpigo, na kinatumika zaidi katika vyumba vya upasuaji na vya mahututi. Kwa maana hiyo kinamsoma mgonjwa mwenyewe, wakati chetu kinasoma maandishi yetu juu ya mgonjwa. Hata hivyo nacho kilikosolewa vikali mwaka 2022, kwa hoja ambayo inafaa kukumbukwa na kila mnunuzi: wakati wa kukifundisha, walioanguka walikuwa wale ambao wastani wa shinikizo la ateri ulikuwa chini ya 65, na wasioanguka walikuwa wale walio juu ya 75, ilhali wale wa katikati, ambao ndio wanaomtatiza daktari, waliachwa nje ya hesabu. Kutofautisha kilichonyooka na kilichopinda ni rahisi ukitupa vile vilivyopinda kidogo.

Kazi hii ya kutabiri presha haikuanza jana. Mwaka 2009 mashindano ya PhysioNet, hazina ya mtandaoni ya data za kitabibu, yaliwataka washiriki watabiri ni mgonjwa gani wa mahututi ambaye, ndani ya saa moja ijayo, angekuwa na nusu saa ambayo asilimia 90 ya vipimo vya wastani wa shinikizo lake viko kwenye 60 au chini yake. Kanzi ya data iitwayo MIMIC, ambayo watafiti wengi hufundishia programu zao, imetoka katika hospitali moja ya Boston, Beth Israel Deaconess. Toleo lake la tatu, lililotolewa mwaka 2016, lina wagonjwa wa mahututi zaidi ya 40,000 wa kati ya mwaka 2001 na 2012. Ni hazina kubwa, nami sina ugomvi nayo. Lakini programu iliyofundishwa kwa rekodi za dawa za hospitali moja hujifunza tabia za madaktari wa hospitali hiyo: dawa gani wanaipenda, wanaianza mapema au wamechelewa, wanaandika dozi vipi. Ukiihamisha, unaihamishia kwa madaktari wengine wenye tabia nyingine. Mfano wa karibu ni ule wa Chuo Kikuu cha Michigan, ambako mwaka 2021 watafiti waliipima programu ya kutabiri sepsisi, yaani maambukizi makali yanayodhuru viungo vya mwili, iliyokuwa ikitumika katika hospitali nyingi za Marekani na kukuta kwamba haikuwatambua asilimia 67 ya wagonjwa waliopata sepsisi. Ndiyo maana nilisisitiza kwamba tuiendeshe yetu mwezi mzima kimya, ikiandika utabiri wake mahali ambapo wauguzi hawauoni, ili tuulinganishe na yaliyotokea. Uongozi ulikubali wiki mbili. Zilitusaidia kupandisha kiwango cha tahadhari, na sasa zamu ya usiku hupata tahadhari chache ambazo mtu mmoja anaweza kuzifuata bila kuacha kazi nyingine.

Lipo pia jambo dogo la namba ambalo lilitusumbua kuliko ukubwa wake. Chati yetu inamwita daktari shinikizo la juu likiwa chini ya 90. Programu inatumia wastani wa shinikizo la ateri, na mpaka wake ni 65. Usiku mmoja mgonjwa alipimwa 90/52. Muuguzi akasema yuko sawa, programu ikasema tayari ameanguka. Ukichukua lile la chini, 52, ukaongeza theluthi moja ya tofauti kati ya juu na chini, yaani 38 ikigawanywa kwa 3, unapata 64.7. Wote wawili walikuwa sahihi kwa kipimo chao. Ilibidi tuandike upya mwongozo wa wodi ili vipimo viwili visigombane mbele ya mgonjwa, na kazi hiyo ya mezani ilichukua majuma matatu ambayo hakuna aliyetuambia tuyatenge.

Upande wa presha kupanda, programu ni dhaifu, na nitapita haraka. Inakumbuka vizuri dawa zinazopandisha, lakini kwa wagonjwa wa wodini presha hupanda mara nyingi zaidi kwa sababu ya dawa ambayo haikutolewa. Mgonjwa anayetumia klonidini, dawa ya kushusha presha, miaka mingi, akizuiwa kula na kunywa kwa ajili ya upasuaji, akikosa dozi mbili, presha yake inaweza kuruka juu kuliko ilivyokuwa kabla hajaanza dawa. Hilo limo ndani ya rekodi kwa yule anayejua kusoma nafasi tupu. Toleo tulilonunua halikuijua nafasi tupu. Kwake, dawa isiyotolewa ilikuwa sawa na dawa isiyokuwepo. Toleo jipya linatambua dozi zilizorukwa, mradi dawa za nyumbani ziwe zimeingizwa siku ya kulazwa, na hapo mzigo unarudi kwa mfamasia anayekaa na mgonjwa na mfuko wake wa vidonge, akiuliza hiki unakimeza lini na hiki cha nani. Kwa wagonjwa ambao kazi hiyo imefanyika, tahadhari za kupanda zina maana. Kwa wengine, hazina.

Nimebakisha lile linaloniogopesha zaidi. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo alirudi wodini mchana akiwa na parasetamoli, antibayotiki na dripu ya maji. Hakuna hata dawa moja kati ya hizo inayosemwa kushusha presha kwa kiasi cha kuhofisha, isipokuwa kwa nadra, kwa hiyo mstari wake ulikuwa wa kijani, kijani kilichokolea. Jioni mapigo yake yalikuwa 124. Muuguzi mwanafunzi aliyempima aliniambia, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, kwamba mapigo yako juu lakini mashine inasema hakuna hatari. Presha ilikuwa 108/72. Viganja vyake vilikuwa vya baridi na vyenye unyevu, na bandeji ilikuwa kavu kabisa, maana alikuwa akivuja damu kwa ndani. Alirudishwa chumba cha upasuaji ndani ya saa moja, na alipona.

Programu haikukosea, kwa maana ya kazi iliyotengenezewa: katika rekodi zake za dawa hapakuwa na kitu. Kosa ni la rangi. Kijani husomeka kama neno salama, wakati ambapo programu ilichokuwa na haki ya kusema ni: “Dawa za mgonjwa huyu hazinipi sababu ya kuhofu.” Niliiandikia kampuni nikaomba kijani kiondolewe na mstari ubaki mweupe. Walijibu kwamba wateja wengine wanapenda kijani. Kwa hiyo tumebandika karatasi juu ya skrini, iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: “HAISOMI DAMU, HAISOMI HOMA, HAISOMI MAPIGO.” Wanafunzi wapya huionyeshwa kabla hawajaonyeshwa skrini yenyewe.

Msaada wa kiufundi ni wa kuridhisha: hujibu ndani ya siku moja, na mara mbili programu iliposimama walikuwa wamekwisha kuirudisha kabla ya makabidhiano ya zamu. Mafunzo yalikuwa ya saa mbili, na saa moja na nusu kati ya hizo ilikuwa ya kuonyeshwa namna ya kubadilisha nywila.

Matumizi yetu ya sasa ni haya. Saa kumi na mbili jioni, kabla toroli ya dawa haijatoka, mfamasia na muuguzi wa zamu hufungua orodha ya wagonjwa watano walio juu kabisa na kusoma sababu zao. Wakati mwingine dozi moja husogezwa hadi asubuhi, wakati mwingine daktari huitwa kuulizwa kama kweli anataka hizi tatu usiku mmoja, na mara nyingi hakuna kinachobadilika ila mgonjwa mmoja ataandikiwa kupimwa akiwa amesimama. Kazi hiyo haizidi dakika ishirini. Mkataba unaisha mwezi ujao. Nimependekeza uongezwe kwa wodi yetu na kwa wodi ya wazee, usiongezwe kwa chumba cha mahututi, na kwamba malipo yasitolewe hadi mwakilishi alete jibu la swali lile la noradrenalini kwa maandishi.